"Hujamgonga mtu": uchambuzi wa kisa cha dereva wa daladala

Siku ya kwanza dereva huyu alipokuja kwangu kutibiwa ugonjwa wa wasiwasi, alichelewa dakika 40. Aliomba radhi mlangoni, akatupia jicho dirisha, akauliza kama linaelekea barabarani. Nikamwambia ndiyo. Akageuza kiti, akalipa dirisha kisogo, nami nikadhani anakwepa jua. Wiki kadhaa zilipita ndipo aliponisimulia: siku ile alikuja na gari la kuazima, na kila alipofika Tabata Relini aligeuza kurudi Buguruni, mara tatu, kuhakikisha hakuna mtu aliyemwacha kalala barabarani. Dirisha alilikwepa kwa sababu angeona magari yakisimama, na gari likisimama ghafla huenda wameona mtu chini.

Ni dereva wa daladala, Coaster, ana miaka 38 na ameshika usukani kwa miaka 14. Katika miaka yote hiyo hajawahi kumgonga mtu. Maneno hayo mawili, "hujamgonga mtu", aliambiwa na kila aliyempenda, na kadiri alivyoambiwa ndivyo alivyozidi kuumwa. Ndiyo maana nimeona kisa chake kinafaa kuandikwa. Njia ya gari, umri na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili. Rasimu aliisoma mwenyewe na akaridhia.

Mdundo wa tairi la nyuma

Tuseme gari lake ni la Gongo la Mboto kwenda Simu 2000: Banana, Uwanja wa Ndege, Vingunguti, Tazara, kisha Barabara ya Mandela kupitia Buguruni, Tabata na External mpaka Ubungo. Anayeijua njia hiyo anajua tairi halikosi cha kudunda juu yake. Tuta, shimo, kipande cha tofali, kifuu cha dafu. Likidunda tairi la mbele, dereva wetu hana neno, kwa sababu mbele anaona. Linapodunda la nyuma ndipo fikra inapompiga: umemkanyaga mtu. Haiji kama swali. Inakuja kama taarifa, pamoja na picha ya mtoto mwenye sare za shule, na tumbo linashuka.

Hapo anatazama kioo cha pembeni. Kioo kinamwonyesha barabara tupu, moyo unatulia kwa kama mita 100, halafu inakuja ya pili: je, kama ameviringika mtaroni? Anatazama tena. Anamwuliza konda, "Hatujamgonga mtu?" Konda anaangalia nyuma, anajibu, "Hujamgonga mtu, suka, twende." Siku nyepesi inaishia hapo. Siku nzito anageuza gari na abiria ndani, wanamzomea, wengine wanadai nauli yao. Wakifika Simu 2000 anachutama kukagua matairi kwa tochi ya simu, mchana kweupe. Usiku, akishampelekea tajiri hesabu, anapanda bodaboda kurudia njia nzima, anashuka kila penye tuta, anaangalia lami. Kisha nyumbani anamsimulia mkewe safari zote za siku ile, kituo kwa kituo, ili mkewe aseme hakuna kilichotokea. Mara nyingine wanamaliza saa nane za usiku.

Tripu 8 kwa siku zikashuka hadi 5. Hesabu ikaanza kupelea. Tajiri alivumilia kwa miezi minne, kisha gari akampa mwingine, naye akabaki deiwaka: anapewa usukani siku ambazo dereva wa kudumu kaamua kupumzika. Nilipomwuliza ni mara ngapi konda humjibu kwa siku, alicheka, akampigia simu palepale. Konda akasema hajawahi kuhesabu, ila siku mbaya haipungui 30.

Zamani zake nazipitia kwa ufupi, maana hazikuwa na siri kubwa. Alipokuwa na miaka 9 kijijini alikuwa akiamka usiku kuhakikisha koroboi imezimwa, isije ikaunguza nyumba ya makuti. Bibi yake alimwita mlinzi. Ujana ukapita salama. Miaka mitatu kabla hatujaonana, alfajiri moja karibu na Vingunguti, alipita mahali palipokuwa na mtu aliyegongwa, amefunikwa khanga. Gari lake halikuhusika kwa lolote. Aliikumbuka mpaka sentensi iliyoandikwa kwenye ile khanga, lakini hakukubali kuitamka mbele yangu. Mwezi huohuo mkewe alijifungua mtoto wa pili. Kuanzia hapo ndipo lile swali lilipoingia garini.

Wasiwasi, neno moja lenye mizigo miwili

Kiswahili kinatusaidia na kutukwaza hapa. "Nina wasiwasi" tunaisema kwa mtihani, kwa mkopo, kwa mtoto aliyechelewa kurudi. Lakini neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, waswasi, kunong'onezwa, na watu wa misikitini wanalijua kwa maana yake ya pili: yule anayetawadha mara kumi kwa kuhofu sehemu haikupata maji, anayekatisha sala kwa kushuku nia yake. Huyo wa pili ndiye aliye jirani na dereva wetu. Madaktari wa Ufaransa wa karne ya 19 waliuita wazimu wa shaka. Leo unaitwa OCD: fikra zinazojilazimisha kichwani, na vitendo ambavyo mtu anaona hana budi kuvifanya ili zimwachie. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kama tawi mojawapo la magonjwa ya hofu, mpaka mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 ulipoutengea sura yake. Tofauti hiyo ina maana kwa tiba. Mwenye hofu ya kawaida ukimtuliza, anatulia. Huyu ukimtuliza, anarudi kesho kutulizwa tena.

Ilibidi nijiridhishe kwamba si kitu kingine. Nduguze walikuwa wakinong'ona kuhusu Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, jina ambalo huku Dar mtu akilitaja ameshakuhukumu, kwa hiyo swali la uchizi lilikuwepo chumbani hata kabla sijaliuliza. Hasikii sauti. Fikra anajua ni zake, na anaziona za ajabu. Nilipomwuliza, "Unaamini umemgonga mtu?" alinyamaza, akanijibu maneno ambayo tangu hapo nimewasomea wanafunzi wangu mara nyingi: "Najua sijamgonga. Ila sijui kama najua."

Kipimo cha ukali wa OCD cha Yale-Brown, kilichotolewa mwaka 1989, kina maswali 10 na alama za juu kabisa ni 40. Alipata 29. Kuanzia 24 tunauita mkali.

Waliomsaidia kabla yangu

Mganga alisema karogwa na dereva mwenzake, akampa hirizi aifunge chini ya kiti. Ilimsaidia wiki tatu. Wiki ya nne alikuwa akiigusa mara tatu kabla ya kuwasha gari, na akiigusa vibaya anaanza upya. Zahanati moja ilimpa vidonge vya usingizi. Alilala, akaamka na swali lake. Mshauri mmoja alimwambia kila fikra mbaya ikija aifute kwa kufikiria jambo zuri, na yeye, mtu mtiifu, akaanza kumkumbuka mwanawe akicheka kila tairi lilipodunda, mpaka ile picha ya mtoto akicheka nayo ikawa kazi.

Imamu wa msikiti wake alimpa jambo la maana zaidi, kwa maoni yangu. Dereva alitaka kujua kama dini inamlazimu kurudi kuangalia. Imamu akamjibu kwa kanuni ya fiqhi: yakini haiondolewi na shaka. Uliondoka ukiwa na yakini kwamba barabara ni salama, shaka tupu haikubebeshi wajibu. Ningetamani ningekuwa nimeisema mimi. Nilipompokea, alikuwa akiikariri mara tatu kila baada ya tuta.

Naandika haya bila kumcheka yeyote kati ya hao, kwa sababu wa tano katika orodha ni mimi. Kikao cha pili na cha tatu nilivitumia kujadiliana naye kwa hoja. Tulipiga hesabu. Coaster ina abiria 30, konda anachungulia mlangoni, kituoni kuna wapiga debe. Mtu akigongwa, Buguruni nzima itapiga kelele. Alitoka akiwa mwepesi, nami nikajiona fundi. Siku ya tatu akanipigia: "Dokta, na kama abiria walikuwa wamelala?" Nikajikuta nafungua mdomo kumweleza kwa nini abiria wote 30 hawawezi kulala kwa pamoja saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekuwa konda wa pili, na konda huyu analipwa kwa saa.

Kwa nini kurudi kunafuta kumbukumbu

Fikra yenyewe haina ubaya. Watafiti Rachman na de Silva mwaka 1978 waliwauliza watu wazima wasio na ugonjwa wowote, na wengi wao wakakiri kwamba fikra za namna hii huwapitia: kumsukuma mtu, kutukana mahali pa ibada, kumdhuru mtoto. Nilimwambia ya kwangu. Kila nikipanda kivuko cha Kigamboni na kusimama ukingoni, hunijia nimsukume mzee aliye mbele yangu majini. Alinitazama kama aliyeona pembe zikiniota, kisha akauliza, "Halafu unafanyaje?" Nashuka Kigamboni, nikamwambia, nanunua samaki.

Kinachomtofautisha ni uzito anaoupa. Salkovskis, mwanasaikolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1985 kwamba mtu wa namna hii huona akipata wazo la madhara, tayari amebeba dhamana ya kuyazuia, na asipofanya kitu ni kama ametenda. Sasa mchukue mtu kama huyo umpe kazi ambayo dhamana yake ni ya kweli. Dereva wa daladala kweli anaweza kuua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kweli inamtaka aliyepata ajali asimame na kutoa taarifa. Alinisomea hoja hizo kama wakili. Ilichukua muda kukubaliana kwamba sheria inazungumzia ajali, na kwamba hakuna kifungu kinachozungumzia mashaka.

Lililomgusa zaidi ni jaribio la Waholanzi wawili, van den Hout na Kindt, lililochapishwa mwaka 2003. Waliwaweka watu wazima wenye afya mbele ya jiko la gesi la kwenye kompyuta, wakawaambia walizime na kulikagua tena na tena. Baada ya kukagua mara nyingi, kumbukumbu zao hazikuwa mbaya kuliko za wenzao, lakini walikuwa hawaziamini tena, picha imefifia. Nikamwuliza kuhusu siku aliyogeuza gari mara tatu. Mara ya kwanza uliona nini? Akaeleza muuza maji, bajaji nyekundu, mbwa kwenye kivuli. Mara ya pili? Bajaji, pengine. Ya tatu akakaa kimya. "Ya tatu niliona barabara tu," akasema. Halafu, baada ya muda, "Kumbe narudi kufuta."

Rejeta

Tiba yenyewe ina asili London, mwaka 1966. Victor Meyer, mwanasaikolojia wa hospitali, alichukua wagonjwa wawili walioshindikana, akawakutanisha na kile wanachokiogopa, kisha akahakikisha hawapati nafasi ya kufanya vile vitendo vya kujituliza. Mpaka leo msingi ni huo: ikabili hofu, kisha jizuie. Kwenye karatasi inaonekana kama ukatili. Kwa Kiswahili inaonekana hata vibaya zaidi, maana adabu yetu yote imejengwa juu ya "ondoa shaka", "toa hofu", "usijali".

Mfano uliotuokoa aliutoa yeye. Nilikuwa nachora mstari wa hofu ukipanda na kushuka, akanikatiza: "Hiyo ni gari kuchemsha." Gari likichemsha, dereva mgeni anakimbilia kufungua mfuniko wa rejeta, na maji yanamrukia usoni. Dereva mzoefu anaegesha, anakaa pembeni, anaacha. Hafungui rejeta. Kuanzia siku ile vipimo vyetu vya hofu, 0 hadi 100, viliitwa geji, na kila kitendo cha kujihakikishia kiliitwa kufungua rejeta.

Jambo lililohitaji umakini kuliko yote lilikuwa kutenganisha usalama na ugonjwa. Mtu aliyesikia kisa hiki aliwahi kuniuliza, kwa hiyo mnamfundisha dereva asijali? Swali zuri. Nilikwenda kwa mwalimu wa udereva, mzee wa kazi, nikamwomba aniambie dereva timamu anatazama nini. Akasema: vioo vya pembeni unavitazama kabla ya kuhama njia, kabla ya kusimama, kabla ya kuondoka kituoni, na kila baada ya muda mfupi kujua aliye nyuma yako. Kioo ni cha kujua kinachokuja, si cha kutafuta ulichokiacha. Tukaifanya hiyo kuwa kanuni yetu. Kukagua matairi ni asubuhi, mara moja, kwa upepo na nyufa. Nilimwonyesha pia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: sekunde anazokodolea kioo baada ya tuta, mbele yake kuna bodaboda anayekatiza. Kabla ya tiba ndipo alipokuwa hatari.

Kisha tukamwita konda. Huyu kijana nilimpenda tangu alipoketi. Nilimweleza kwamba akiulizwa "tumemgonga mtu?", asijibu hapana, aseme, "Sijui, suka. Kanyaga twende." Aliinamisha kichwa. "Dokta, mtu anateseka, namnyimaje neno?" Sikuwa na jibu la haraka. Kumnyima mtu neno la faraja si jambo dogo kwetu. Ni kama kumnyima maji. Dereva ndiye aliyemjibu: "We huninyimi maji. Unaninyima gongo." Wakacheka wote wawili, na mkataba ukafungwa.

Mkewe alikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu ya usiku. Tukakubaliana kwamba simulizi za vituo zikianza, atasema, "Baba watoto, naona gari limechemsha. Tukae," na watakaa, hata kwa kimya. Wiki ya kwanza alilia. Alisema anajiona mke mbaya.

Maneno huumba

Hatua ya kwanza ilikuwa ndani ya gari lililoegeshwa, bila kuwasha. Ajirekodi kwenye simu, kwa sauti yake: leo nimepita Buguruni, tairi limedunda, sikurudi, huenda nimemgonga mtu na sitajua kamwe. Asikilize rekodi nusu saa kila siku.

Alikataa. Si kwa woga wa kawaida. "Maneno huumba, Dokta. Nikijitamkia, najiitia." Wenzangu wa Ulaya wana jina lao kwa hali ya kuchanganya wazo na tendo, lakini kwetu hali hiyo ina mizizi mirefu, inahubiriwa, bibi zetu walitukanya kwayo. Sikuona busara kuishambulia imani. Nilimwuliza tu kama angekubali tujaribu kwa kitu kidogo. Kikombe changu cha chai kilikuwa mezani. Nikamwomba anitamkie kwamba kesho kitavunjika, mara 20. Alianza kwa kunong'ona. Wiki iliyofuata, jambo la kwanza alilofanya ni kukitafuta kikombe kwa macho. Kipo. Tukaendelea: kompyuta yangu, kisha mguu wangu (niteguke ngazini kabla ya Ijumaa), na wiki ya tatu mguu wake mwenyewe. Wiki ya nne akajirekodi. Geji ilifika 90. Alitaka mwishoni aongeze "Mungu aepushie mbali". Tulibishana kiungwana. Nilimwambia dua ni yake na Mola wake, na muda wake upo, asubuhi na jioni. Hapa ndani ya rekodi ingekuwa ni kufungua rejeta. Alikwenda kumwuliza imamu, akarudi ameridhika, na rekodi ikabaki bila mkia.

Jumapili moja saa kumi na mbili asubuhi tulitoka na Coaster tupu, yeye, konda na mimi. Tuta la kwanza, la pili, tairi la nyuma likadunda sawasawa. Mikono ilimkaza usukanini. Akaniuliza, "Dokta, umeona?" Nikasema sijui. Geji 85. Akaegesha mbele, akakaa. Jasho lilikuwa likimtiririka ilhali ubaridi wa asubuhi haujaisha. Baada ya dakika 40 ilikuwa 50. Zamani tulifundishwa kusubiri mpaka hofu ishuke nusu ndipo kikao kiishe. Kazi za mwanasaikolojia Michelle Craske zimetufanya tulegeze hapo, kwani linalobaki kwa mtu ni kugundua kwamba alichokitarajia hakikuja, au kwamba alikaa na kutojua na hakufa kwa kutojua. Jumapili ya tatu geji haikushuka kabisa, ilibaki 60 mpaka tunaachana, na bado aliendesha kurudi nyumbani bila kugeuza. Ile naihesabu kuwa siku bora kuliko zote.

Dawa zilikuwepo pia. Daktari wa magonjwa ya akili alimwanzishia fluoksetini, miligramu 20, baadaye 60, kwani ugonjwa huu mara nyingi hutaka dozi kubwa kuliko sonona. Siku za mwanzo za kila dozi hakuendesha. Wiki ya tatu aliziacha kimyakimya kwa kuona hazifanyi kitu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba zinaweza kuhitaji wiki 8 hadi 12. Alizirudia.

Hirizi sikumwambia aitupe. Nilimwomba aiache bila kuigusa. Baada ya kikao cha 9 alisema kamrudishia mjomba wake aliyempeleka kwa mganga.

Bajaji

Wiki ya 11, kituo cha Tabata, ubavu wa Coaster ulikwaruza bajaji iliyokuwa inachomoka. Hakuna aliyeumia. Alisimama, akashuka, wakaelewana na mwenye bajaji kuhusu taa iliyovunjika, wakaendelea. Alinipigia jioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu. "Nilijua palepale, Dokta. Hapakuwa na swali. Kumbe ya kweli haiulizi."

Nilifurahi, na nilikosea kufurahi kwa sauti. Wiki mbili baadaye alianza tena kukodolea kioo. Baada ya kila tuta sasa alikuwa akijichunguza: je, najua palepale, kama siku ile ya bajaji? Kama sijui palepale, basi sijagonga. Lakini nina hakika kwamba sijui? Ile kauli nzuri ilikuwa imekaa mahali pa hirizi. Ikabidi nayo tuiweke kando, na kurekodi upya: huenda siku nitakayogonga sitajua palepale. Alichukia rekodi hiyo kuliko zote.

Tulikutana mara 16. Mwishoni alama za Yale-Brown zilikuwa 12, na miezi sita baadaye 14, ambazo bado ziko kwenye kundi la ugonjwa mwepesi. Tripu zimerudi 7. Tajiri mwingine amempa gari la kudumu. Bodaboda ya usiku hapandi tena. Anapokuwa na homa au hajalala, tuta la Buguruni bado linamsumbua, na usiku wa mvua anaomba asiendeshe, jambo ambalo hatujaamua kama ni busara au ni ugonjwa umevaa koti la busara.

Wiki iliyopita alinipigia. Konda wetu kapata kazi kwenye mabasi ya Mwanza, na huyu mpya hajui lolote kuhusu mkataba. Jumatatu tairi lilidunda, swali likamtoka mdomoni kabla hajalikamata. Konda mpya, kijana mstaarabu, alifungua mlango gari likitembea, akaning'inia, akatazama nyuma kwa makini, akarudi ndani na kumwambia, "Hamna kitu, braza. Toa wasiwasi."

Nimemwambia aje naye Jumanne.